UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA: NASABA YA MANENO YA KIINGEREZA

Najua wengi mtashtuka mkiona kichwa cha makala haya. Jarida la Chama cha Kiswahili, halafu mada iwe Kiingereza? Huyu amepotea njia ama vipi? Tulieni jamani, mtaona ninakoelekea.

Sababu ni hii. Kila nikiwa kwenye foleni ya chakula, ama bwenini baada ya taa kuzimwa, sikosi kumsikia mtu akisema ati Kiswahili si lugha kamili. Ati ni Kiarabu kilichokorogwa na lugha za bara, na ukiondoa ya Waarabu na ya Waingereza utabaki na mifupa mitupu. La kushangaza ni kwamba msemaji huyo husema hayo kwa Kiingereza, kifua mbele, kana kwamba Kiingereza kilishuka kutoka mbinguni kikiwa kimekamilika, hakijawahi kuomba wala kukopa.

Jambo hili si mzaha. Wako wanafunzi katika nchi hii ambao wamevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili ama lugha ya mama siku isiyo yake, wakazunguka nacho mchana kutwa wakimtafuta mwenzao wa kumpokeza. Mtoto wa namna hiyo anachojifunza ni kuona haya. Akiwa mtu mzima atakuwa tayari kusema Kiingereza cha kuungaunga mbele za watu kuliko Kiswahili safi alichokulia, na ukimwuliza kwa nini hana jibu.

Waswahili husema nyani haoni kundule. Basi nimeshinda maktabani na kamusi kubwa za Kiingereza, zile zinazoeleza kila neno lilizaliwa wapi na lilipitia njia gani, na nimekuja kuwagawia nilichokipata. Sina nia ya kukitukana Kiingereza. Ni lugha tamu nayo, na inatufaa. Nataka tu tukione vile kilivyo.

WALIOIJENGA NYUMBA

Kwanza tuwajue wenye nyumba. Kiingereza hakikuzaliwa Uingereza. Kabla yake visiwa vile vilikaliwa na watu wa lugha za Kiselti, jamaa ya Kiwelshi kinachozungumzwa hadi leo. Warumi wakaja wakatawala, na mwanzoni mwa karne ya 5 wakaondoka. Ndipo walipovuka bahari Waanglo, Wasaksoni na Wajuti kutoka pwani za nchi ambazo leo ni Ujerumani, Denmark na Uholanzi. Lugha yao ndiyo Kiingereza cha kale, na jina "England" maana yake ni nchi ya Waanglo. Kwa hiyo Kiingereza ni binamu wa Kijerumani, kama vile Kiswahili kilivyo binamu wa Kigiriama, Kipokomo na Kikomoro.

Baadaye wakaja wageni wengine. Waviking wa Skandinavia walianza kuvamia mwishoni mwa karne ya 8, na wengi wakalowea huko huko. Halafu mwaka wa 1066 William wa Normandy akashinda vita vya Hastings, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa. Kanisani na vyuoni nako kulitawala Kilatini. Kila mgeni aliacha mzigo wake sebuleni. Leo, zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi kubwa ya Kiingereza yametoka Kifaransa na Kilatini. Hebu mrudie hapo polepole: zaidi ya nusu!

MLINZI WA MKATE

Tuanze na maneno ya heshima. Mnalijua neno "lord", bwana mkubwa. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "hlaford", na hilo ni kifupisho cha "hlafweard". "Hlaf" ni mkate, ndilo "loaf" la siku hizi, na "weard" ni mlinzi. Kumbe bwana mkubwa alikuwa mlinzi wa mkate! Na mkewe je? "Lady" lilikuwa "hlæfdige", yaani mwenye kukanda mkate. Mtegemezi wa nyumba ile naye aliitwa "hlafæta", mla mkate. Mnaona mambo yalivyopangwa: mmoja akande, mmoja alinde, mwingine ale. Wale wenzetu wanaojiita malodi bwenini na ilhali hula mkate wa wenzao, wajue jina lao halisi ni lile la tatu.

Neno "wife" nalo zamani lilimaanisha mwanamke yeyote, awe ameolewa au hajaolewa. Ndiyo maana mkunga huitwa "midwife". "Mid" ya kale maana yake ni pamoja na, kwa hiyo mkunga ni yule aliye pamoja na mwanamke. "Man" nalo lilikuwa binadamu, mume kwa mke. Mwanamume mahususi aliitwa "wer", neno ambalo limekufa lakini bado tunaliona katika "werewolf", yule mtu wa hadithi anayegeuka mbwamwitu. Na "woman" ni "wifmann", binadamu wa kike. Basi wanaodhani "woman" ni "man" aliyeongezewa kipande wamelisoma neno juu juu.

MANENO YALIYOHAMA

Maneno ni kama watu, huhama. Mengine huanza yakiwa mapana yakaishia membamba. "Meat" zamani ilikuwa chakula cha aina yoyote. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotolewa mwaka wa 1611, inataja "meat offering" katika kitabu cha Mambo ya Walawi. Ukisoma kwa macho ya leo utadhani ni sadaka ya nyama. Funua Biblia ya Kiswahili mahali pale pale, sura ya pili, utakuta sadaka ya unga. Watafsiri wetu hawakukosea. Sadaka yenyewe ilikuwa ya unga na mafuta, na ni neno la Kiingereza lililojikunja likabaki na nyama peke yake.

"Deer" nalo lilikuwa mnyama yeyote. Wajerumani hadi leo humwita mnyama "Tier", ndugu wa neno hilo. "Fowl" alikuwa ndege yeyote kabla hajashushwa bandani akawa kuku. "Hound" alikuwa mbwa yeyote kabla hajawa mbwa wa mawindo. Na "starve", tunalolipenda sana saa sita mchana kengele ikichelewa, lilikuwa na maana ya kufa, kufa kwa namna yoyote, kama "sterben" ya Kijerumani. Kaskazini mwa Uingereza wako waliolitumia kwa kufa kwa baridi. Taratibu likabaki na njaa.

Mengine hupanda na kushuka cheo. "Silly", yaani mpumbavu, lilitokana na "sælig", mwenye heri, aliyebarikiwa. Mwenye heri akawa mtu asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa mnyonge, na mnyonge akawa mpumbavu. Lo! Neno "nice" likapita njia hiyo hiyo kinyumenyume. Asili yake ni Kilatini "nescius", asiyejua kitu. Lilipoingia Kiingereza kupitia Kifaransa miaka 700 hivi iliyopita, kumwita mtu "nice" kulikuwa kumwambia ni mjinga. Baadaye likawa mtu wa kuchaguachagua, kisha mwangalifu, na kufikia karne ya 18 likawa zuri, la kupendeza. Siku mwalimu wa Kiingereza akikukata alama kwa kuandika "nice" mara sita katika insha moja, mshukuru. Angekuwa wa karne ya 14 angekukata kichwa.

"Knave", ambalo sasa ni mlaghai, lilikuwa mvulana tu. "Knight" naye, yule shujaa wa farasi, alianza akiwa kijana mtumishi. Na "girl", wasichana mnisikie, karibu mwaka wa 1300 lilikuwa mtoto yeyote, wa kike na wa kiume. Mvulana angeitwa "girl" na asikasirike.

YAI LA BWANA CAXTON

Sasa tuje kwa mikopo. Waviking hawakuacha maneno ya vita pekee. Waliacha maneno ya nyumbani kabisa, yale usiyotarajia mtu kukopa: "sky", "skin", "knife", hata viwakilishi "they", "them" na "their". Fikirini, lugha inakopa hata neno la "wao"! Dirisha nalo, "window", ni "vindauga" ya Waviking, yaani jicho la upepo. Waanglo na Wasaksoni walikuwa na neno lao, "eagþyrl", tundu la jicho, lakini likashindwa na la mgeni. Ile "þyrl", tundu, imebaki puani, kwa maana "nostril" ni tundu la pua.

Kuna na maneno mapacha. Kiingereza kilikuwa na "shirt", Waviking wakaja na "skirt". Yote mawili ni vazi moja na mzizi wake ni ule ule wa neno "short", fupi. Kila kabila likalitamka kivyake, kisha wakagawana: moja likapanda kifuani, jingine likateremka kiunoni. Nasi Waswahili tukayachukua yote mawili. Basi ukiangalia sare zetu asubuhi gwarideni, shati na sketi ni ndugu wa toka nitoke.

Vurugu hizo zilidumu. William Caxton, mtu aliyeleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka wa 1476, aliandika kisa kimoja katika dibaji ya kitabu chake cha 1490. Wafanyabiashara fulani walikwama na merikebu yao katika mto Thames kwa kukosa upepo, wakashuka kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama mwenye nyumba "egges", mayai. Mama akamjibu kwamba hajui Kifaransa. Yule bwana akapandwa na hasira, kwani yeye mwenyewe hakujua Kifaransa hata chembe! Mwishowe mwenzake akasema wanataka "eyren", na hapo mama akaelewa. "Eyren" ndilo lilikuwa neno la Kiingereza cha kale, na "egges" lilitoka kwa Waviking. Caxton akauliza, sasa mchapishaji aandike lipi? Leo sote tunajua ni lipi lililoshinda. Ni lile la mgeni.

Wanaocheka kwamba mtu wa Lamu na wa Mombasa hutofautiana kwa maneno, wakumbuke yai la Bwana Caxton.

NG'OMBE ZIZINI, NG'OMBE SAHANINI

Wanormani wa mwaka wa 1066 waliacha alama iliyo wazi zaidi. Katika Kiingereza mnyama akiwa hai ana jina moja, akipikwa ana jingine. Ng'ombe ni "cow", nyama yake "beef". Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Ndama ni "calf" na "veal", nguruwe ni "swine" na "pork". Majina ya zizini ni ya Waanglo na Wasaksoni. Ya sahanini ni ya Kifaransa. Mwandishi Walter Scott alilieneza wazo hili katika riwaya yake ya Ivanhoe iliyochapishwa 1819: mchungaji maskini alisema lugha yake akichunga, na bwana akasema Kifaransa akila. Kwa kweli mgawanyo huo haukutokea kwa siku moja. Ulichukua karne kadhaa, na kwa muda mrefu "beef" liliweza kutumika hata kwa mnyama aliye hai. Hata hivyo ukitazama maneno hayo manane, unajua nani alikuwa jikoni na nani alikuwa mezani. Sisi tunasema ng'ombe na nyama ya ng'ombe, na mambo yanaisha.

Kifaransa kikaleta mapacha pia. "Warden" na "guardian" ni neno moja. Wanormani walitamka kwa "w", Wafaransa wa Paris kwa "gu", na Kiingereza kikakopa mara mbili. "Chief" na "chef" nayo ni neno moja, maana yake kichwa, lililokopwa katika nyakati mbili tofauti. Mzizi wake ni Kilatini "caput". Kutoka kwa "caput" hiyo hiyo akatoka "captain". Kwa hiyo chifu wa lokesheni, kapteni wa timu yetu ya kandanda na mpishi mkuu wa hoteli ya kifahari ni watu wa ukoo mmoja.

Ukoo huo una jamaa wengine: "capital", rasilimali, na "cattle", ng'ombe. Yote yametoka kwa neno la Kilatini lenye maana ya mali. "Cattle" zamani ilikuwa mali ya aina yoyote, kisha ikabaki mali yenye kwato. Na neno "fee", hilo la karo, lilipitia Kifaransa cha Wanormani, lakini mzizi wake wa kale ni ule wa mifugo. Kiingereza cha kale kilikuwa na "feoh", ng'ombe na mali, na Wajerumani hadi leo huita mifugo "Vieh". Mnaona sasa? Mzazi anayempeleka mtamba sokoni Januari ili mtoto arudi shule, hafanyi jambo geni. Analirudisha neno kwao.

HERUFI BUBU NA "YE" YA UONGO

Swali ambalo hutusumbua sote ni hili: kwa nini Kiingereza huandikwa hivi na kusomwa vile? Jibu liko kwenye historia. Katika "knight", ile "k" na ile "gh" zote zilitamkwa zamani. Kati ya mwaka wa 1400 na 1700 hivi irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika matamshi, na mtambo wa chapa ulikuwa umeanza kuyaganda maandishi. Mdomo ukasonga, kalamu ikabaki. Ndiyo sababu "name" huandikwa karibu kama tungeisoma sisi, lakini haisomwi hivyo.

Herufi nyingine bubu ziliwekwa na wasomi kwa makusudi. "Debt" ilikopwa kutoka Kifaransa ikiwa "dette", bila "b". Wasomi waliokipenda Kilatini wakakumbuka "debitum", wakaichomeka "b" ambayo hakuna aliyeitamka. "Island" nayo ilikuwa "iland", neno la asili la Kiingereza. Watu wakadhani ni jamaa ya "isle" iliyotoka Kilatini, wakaitia "s" isiyokuwa yake. Kwa hiyo ukikosea tahajia ya "island" usijidharau sana. Waliokutangulia walikosea na kosa lao likawa sheria.

Mmewahi kuona pichani vibao vya maduka ya Uingereza vilivyoandikwa "Ye Olde"? Watu husoma "yi". Si sahihi. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi "þ" kwa sauti ya "th". Katika maandishi ya mkono ilikuja kufanana na "y", na wachapaji wasiokuwa na herufi hiyo wakatia "y" mahali pake. "Ye" hiyo ni "the" tu, na husomwa "the".

Na kwa wale wanaosoma Shakespeare: "thou" ni wewe mmoja, na "you" ilikuwa nyinyi. Chini ya mfano wa Kifaransa, watu wakaanza kumwita mkubwa "you" kwa heshima, na "thou" ikabaki kwa watoto, marafiki, watumishi na maadui. Mwaka wa 1603 mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita Walter Raleigh "thou" mahakamani makusudi, ili kumtusi. Kwa hiyo katika tamthilia, mhusika akihama kutoka "you" hadi "thou", simama hapo. Ama amependa ama amekasirika. Vilevile "presently" mara nyingi ni sasa hivi, na "wherefore" ni kwa nini. Juliet akimwita Romeo pale ghorofani hamtafuti alipo. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa adui.

TUSIDANGANYWE

Hapa nitie onyo. Si kila hadithi ya asili ya neno ni ya kweli. Kwenye mashindano ya chemshabongo utaambiwa "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia. Si kweli. Ni wingi wa "new", mambo mapya, basi. Utaambiwa pia "salary" ni kwa sababu askari wa Kirumi walilipwa chumvi. Neno "salarium" lina uhusiano na chumvi, hilo ni kweli, lakini hakuna ushahidi kwamba askari walipewa mshahara wa magunia ya chumvi. Mshahara wetu wenyewe una asili isiyo na utata: ni Kiarabu, kutoka "shahr", mwezi. Ni malipo ya kila mwezi. Hadithi ikiwa tamu kupita kiasi, ifuatilie kwenye kamusi kwanza.

BINAMU ZETU

Sasa mniruhusu nifike pwani. Yako maneno ambayo Kiingereza na Kiswahili viliyachota katika kisima kimoja. Wanaochukia hisabati wanaijua sifuri vizuri sana. Sifuri ni Kiarabu "sifr", tupu. Neno hilo hilo lilipitia Kilatini na Kiitaliano likawa "zero", na likapitia Kifaransa likawa "cipher". Taarifa tunayoisikia redioni ina binamu Uingereza, "tariff", orodha ya ushuru iliyotangazwa. Sukari na "sugar" ni neno moja la Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kutoka mashariki, asili yake Kisanskriti. Aljebra ni "al-jabr", kutoka kitabu cha al-Khwarizmi aliyeishi Baghdad katika karne ya 9.

Shule je? Tuliipata kutoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, "Schule". Wao na Waingereza waliipata kutoka Kilatini, na Kilatini kutoka Kigiriki "skhole", ambayo maana yake ni starehe, wakati wa kupumzika! Mgiriki tajiri akipumzika alijadili elimu. Sijui angesema nini akitukuta tunaamshwa saa kumi na moja alfajiri.

Deni nalo si la upande mmoja. Katikati ya karne ya 19 Kiingereza kilikopa "safari" kutoka kwetu, nasi tulikuwa tumelipata kutoka Kiarabu. Kwetu safari ni ya kwenda Kisumu kwa matatu, ni ya mwisho ya marehemu, ni ya Haji. Kwao imejikunja ikabaki na simba na kamera. Ni yale yale ya "meat" na "deer".

LUGHA NI MIFUPA

Turudi basi kwa yule wa foleni ya chakula. Anasema lugha iliyokopa si lugha. Kwa kipimo hicho Kiingereza kingekuwa cha kwanza kufukuzwa. Lakini hakuna anayekiita Kifaransa kilichoharibika, na ni haki, kwa sababu mifupa yake ni ile ile ya Waanglo na Wasaksoni. Maneno yanayotumika zaidi, kama "the", "and", "is", "in", na jinsi ya kujenga sentensi, hayakutoka Ufaransa.

Kiswahili nacho mifupa yake ni ya Kibantu. Mtu, maji, kula, kufa: ni maneno ambayo Mgiriama, Mkikuyu na Mluhya wanayatambua kama yao, matamshi yakitofautiana kidogo. Na kila mgeni aingiaye hutii sheria za nyumba. Mfano bora ni kitabu. Neno ni la Kiarabu, "kitab", na wingi wake kwa Mwarabu ni "kutub". Mswahili hakujali "kutub" hata kidogo. Alisikia "ki", akalipeleka kwenye ngeli yake, akasema vitabu. Waingereza walifanya vivyo hivyo. "Pease" ilikuwa njegere, umoja, kutoka Kilatini. Wakasikia "s" ya mwisho wakadhani ni ya wingi, wakaikata wakapata "pea". Hivyo ndivyo lugha hai inavyokula. Inatafuna, inameza, inageuza chakula kuwa damu yake. Na Katiba yetu ya 2010 haikuandika Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi kwa kuhurumia omba-omba.

Tofauti kubwa niliyoiona ni nyingine, nayo ndiyo inayoniuma. Waingereza waliandika nasaba ya maneno yao. Kamusi kuu ya Oxford ilipendekezwa mwaka wa 1857, sehemu ya kwanza ikatoka 1884, na ikakamilika 1928. Msimamizi wake mashuhuri, James Murray, alifariki 1915 kabla ya kuimaliza. Kazi haikufanywa na maprofesa pekee. Watu wa kawaida kwa maelfu walisoma vitabu, wakanakili sentensi zenye maneno kwenye vipande vya karatasi, wakavituma kwa posta. Upande wetu, Krapf alikusanya maneno ya pwani yetu tangu 1844 na kamusi yake ikachapishwa 1882, na wengine wamefuata. Lakini ni maneno mangapi bibi zetu wanayajua na hayamo katika kamusi yoyote? Bibi akiondoka, anaondoka nayo.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya chama. Likizo hii kila mmoja wetu amkalie babu au bibi, mvuvi au fundi, amwombe neno moja ambalo vijana hatulitumii tena. Aliandike kwenye karatasi pamoja na sentensi aliyoisikia, mahali na tarehe. Tukirudi tutaweka sanduku maktabani, na toleo lijalo la jarida hili litakuwa na ukurasa wa maneno hayo. Ya Kiswahili na ya lugha zetu za mama, yote yanakaribishwa.

Na yeyote atakayeuliza jarida ni la nini, mwambieni hivi. Waingereza huliita "magazine". Neno hilo walilipata kupitia Ufaransa na Italia kutoka Kiarabu "makhazin", maghala ya kuwekea mali, na mwaka wa 1731 Edward Cave wa London akawa wa kwanza kuliita chapisho kwa jina hilo. Mzizi wake ni ule ule uliotupa sisi neno hazina. Basi tujaze ghala letu wenyewe. Wino umenikaukia, kwaherini.